Jina Lililo Chini ya Langu

14 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia kidogo na wateja hawakusimamishi mchana kutwa. Mimi sijambo, nakwenda kazini na kurudi. Ofisini wamenipa kuchora ramani ya shule ya ghorofa mbili, na ngazi zimegoma kukaa mahali pake. Nikizisogeza huku zinakula darasa, nikizirudisha kule zinaziba choo. Bosi anasema nichore huku nacheka. Nyumbani bati la jikoni limeanza kuvuja tena, nimeweka beseni.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu unayoijua. Nikipiga, anayepokea ni Kibiriti, na akishaishika hiyo simu hampi mtu. Kisha ananiuliza mambo. Binti yangu huyo ana miaka sita lakini anauliza kama mwendesha mashtaka. Barua haina masikio madogo pembeni.

Sasa nina jambo nataka unishauri, usicheke. Shirika la ndege limeniletea ujumbe kuhusu ile kadi yangu ya dhahabu. Unakumbuka niliipata mwaka jana, kwa zile safari za kila Ijumaa ya pili kwenda hospitali. Sikuiomba, waliniletea wenyewe kwenye bahasha nzuri, na barua ya kunipongeza. Wanasema nisipofanya safari mbili zaidi kabla ya mwisho wa Desemba, nitashushwa hadi kadi ya kawaida. Ukiwa na dhahabu unapita foleni fupi, unakaa kwenye ule ukumbi wao wa viti laini, mzigo wa pili haulipiwi, na unaruhusiwa mwenzi mmoja. Huwa hawampi kila mtu.

Najiuliza kama inafaa kuihangaikia. Sina safari yoyote ya ndege kwa sasa. Wewe unaonaje?

Msalimie Kibiriti. Lile jambo usimwambie bado. Nitamwambia mimi.

Mdogo wako


2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika ikiwa imekunjwa kona zote, sijui ilipitia wapi. Mgongo ni uleule, nimeshauzoea, tunaamka pamoja na kulala pamoja. Kazi ipo. Chumba cha mbele kimejaa tangu wiki iliyopita maana kuna harusi mtaani, na kila mwanamke anataka asukwe vizuri kuliko bibi harusi. Nimenunua kiti kipya cha kuinuka na kushuka. Kibiriti anakipanda kuliko wateja.

Umeniambia nisicheke, sikucheka. Ila nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika unakuja lini, sikupaona. Nimekuta foleni fupi na viti laini.

Ngoja nikueleze ya hapa. Wiki iliyopita alikuja mteja wangu wa siku nyingi, yule mwalimu mstaafu. Kibiriti alikuwa chini sakafuni ananichagulia shanga za nywele, nyekundu huku, nyeupe huku. Yule mama akaanza, tena kwa sauti ya darasani, "Pole sana mwanangu, nimesikia kuhusu wifi yako." Nikamvuta nywele mpaka machozi yakamtoka. Akanyamaza, nashukuru. Hajarudi tangu siku hiyo, naye simlaumu.

Sasa mimi nifanye hivyo kwa wateja wangapi? Wifi amefariki mwezi wa tatu. Mtaa mzima unajua, paka wa jirani anajua, asiyejua ni binti yake. Siku ya mazishi ulinivuta kando ya gari ukaniambia, "Neno hili nitamwambia mwenyewe, mimi ndiye baba yake, usinitangulie." Nikakuapia. Sikujua kama unaniapisha kwa mwaka.

Na nywele zake je. Mimi mikono yangu inasifiwa, watu wanapanda mabasi kunifuata, na ndani ya nyumba yangu kuna mtoto mwenye kichwa kama kiota. Hakubali kitana changu. Anasema, "Mama atanisuka akipona." Wateja wananitania, wanasema nimetundika tangazo baya mlangoni. Nacheka nao.

Kadi iache ishuke. Njoo.

Dada yako


9 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Ngazi zilipopata mahali, mwenye shule akaongeza ghorofa ya tatu. Kisha nikashikwa na mafua. Bati nimeliziba kwa lami, sasa linavuja upande wa pili.

Mambo ya Kibiriti nimeyasoma. Nitakuja, hilo halina mjadala. Ni kupanga muda tu.

Kuhusu kadi, nimeifikiria vizuri, na mimi naona nilikueleza haraka. Siyo starehe. Chukulia huko mbele nikisafiri na Kibiriti. Mtoto atakaa mahali patulivu, atakunywa maziwa, hatasukumwa kwenye foleni. Mtu akishaiacha dhahabu kuirudisha ni kazi, unaanza chini kabisa. Safari mbili tu, dada. Wengine hapa ofisini wangekuwa wameshakata tiketi.

Tena pale uwanjani wananifahamu. Mhudumu wa ule ukumbi, binti mmoja mwenye pengo, siku ya mwisho niliyopita, mwezi wa nne, niliporudi kufunga mambo ya hospitali, aliniletea vikombe viwili vya chai bila kuniuliza. Kimoja cha sukari, kimoja bila. Akaviweka mezani akaenda zake. Nilikunywa cha sukari, kile kingine kikapoa pale mpaka ndege ikaitwa.

Basi, ni hayo tu. Kibiriti anavaa kiatu namba ngapi siku hizi?

Mdogo wako


28 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole na mafua. Weka limau, na mtafute fundi wa bati wa kweli, wewe ni mchoraji, lami si kazi yako.

Unasema kadi ni ya Kibiriti. Haya. Niambie, ndege hiyo ya dhahabu inatua wapi huku kwetu? Huku tuna kituo cha mabasi, na kile kiwanja ambacho ng'ombe wanalala. Ukitaka kuja kwa binti yako unapanda basi alfajiri unashuka jioni, umejaa vumbi, na hakuna atakayekuuliza kadi. Kwa hiyo kila safari utakayofanya kuilinda hiyo dhahabu ni safari ya kwenda kwingine. Nisahihishe kama nimekosea hesabu, mimi ni msusi tu.

Kibiriti ameanza shule, wamempokea katikati ya mwaka. Siku ya kwanza aliwaambia wenzake mama yake yuko kwenye hospitali kubwa ambayo kitanda kinapanda na kushuka kama kiti cha shangazi. Mwalimu wake akaniita pembeni. Ilibidi nimwombe na yeye anyamaze. Sasa tuko wengi tunaomlinda mtoto asijue, na watoto wenzake hatuwezi kuwaomba. Siku moja mmoja wao atamwambia wakigombania kalamu. Unataka alisikie hivyo?

Ameng'oka meno mawili ya mbele. Hakuyatupa, ameyaweka kwenye kopo la losheni chini ya kitanda. Anasema mama lazima ayaone, la sivyo hataamini kuwa alikuwa jasiri.

Viatu ni namba ishirini na nane, na anakua.

Nakuuliza kitu, nijibu kama ndugu. Kuna nini kwenye hiyo kadi? Wewe hukuwa mtu wa kupenda ukubwa. Suruali moja unavaa mpaka inakuomba radhi. Viti laini vimekuingia lini?

Dada yako


30 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imekaa mezani mwezi mzima, nikila naigeuza chini juu.

Nimeshafanya safari moja. Jumamosi iliyopita. Nilikwenda asubuhi na kurudi na ndege ileile. Kule sikutoka nje ya uwanja. Nilikaa ukumbini karibu na dirisha, wakaniita, nikapanda. Nilikuwa na begi dogo ambalo ndani halikuwa na kitu, maana niliona aibu kupanda mikono mitupu.

Umeniuliza kuna nini, nitakujibu. Nikifungua akaunti yangu ya kadi kwenye simu, juu kuna jina langu. Chini yake pameandikwa mwenzi wa safari, na jina lake. Jina lote, matatu, kama lilivyo kwenye pasipoti. Mwenye dhahabu ndiye anayepewa nafasi hiyo. Nikishushwa, nafasi inafutwa na jina linaondoka.

Dada, tangu mwezi wa tatu kazi yangu ni kumtoa. Nimemtoa benki. Nimemtoa bima ya kazini. Ofisi ya maji bili ilikuwa kwa jina lake, nimemtoa. Laini yake ya simu wameifunga. Kila mahali karani ananiomba cheti, anakitazama, anasema pole, anapiga mhuri, anafuta. Mimi ndiye ninayepeleka karatasi, mimi ndiye ninayesema mtoeni. Shirika la ndege peke yake hawajui. Kwao yeye ni mtu anayeweza kuja uwanjani kesho, wakamfungulia mlango, wakampa kiti kile kirefu alichokuwa analala akichoka.

Nimelibakiza hapo tu. Sijaona kama ninamkosea mtu.

Mdogo wako


18 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kukugombeza, nimeichana.

Nililia, nikuambie ukweli. Nilifunga chumba cha mbele mchana, nikaweka kiti mlangoni, wateja wakadhani nimepata mgeni. Wifi alikuwa rafiki yangu kabla hajawa mke wako, mimi ndiye niliyekutuma ukamrudishie mwavuli. Yeye nilikuwa namsuka bure, na akiniudhi namkaza nywele. Kwa hiyo usifikiri uko peke yako kwenye hili.

Lakini kuna kosa nimefanya, na linatokana na safari yako. Ulipotuma ujumbe Ijumaa ile kwamba kesho simu itazimwa, utakuwa angani, Kibiriti akaniuliza baba anakwenda wapi. Nikasema baba anapanda ndege. Basi. Hakuniuliza tena. Jumamosi aliamka akafagia chumba chake, kisha akaja kuniomba mto wa pili. Nikamuuliza wa nini. Akasema, "Baba amemfuata mama. Mama atalala na mimi, wewe baba utamtandikia sebuleni." Mto nikampa. Ningesema nini? Ule mto uko pale hadi leo, na kila usiku anausogeza kidogo ukutani.

Umeelewa? Kwake ndege ni hospitali. Mama yake aliondoka na ndege. Wewe ukipanda, anajua umekwenda kumchukua. Wewe unalinda jina kwenye simu, na kule kupanda kwako kunamfanya mtoto amngoje mama yake upya.

Sikwambii uifute kadi. Fanya nayo utakavyo. Ninachotaka ni kimoja. Shule zinafungwa Desemba. Jumamosi ya tarehe ishirini njoo na basi, kaa naye siku mbili tatu, mwambie. Mimi nitakuwa chumba cha pili. Nimeshamwambia Kibiriti baba anakuja tarehe hiyo, maana nakujua, bila hivyo hutatoka huko.

Na kitu kingine. Katika barua zako zote hujaandika neno lenyewe. Unaandika lile jambo, tangu mwezi wa tatu, kumtoa. Sijui kama umeona.

Dada yako


5 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuja. Tarehe ishirini Desemba, basi la alfajiri. Nimeshaomba ruhusa kazini na bosi amekubali, hata alinipa mkono.

Viatu nimenunua namba ishirini na tisa, vyekundu, vya kamba. Muuza duka aliniuliza mtoto anajua kufunga kamba, nikakuta sijui. Anajua?

Ile safari ya pili nimeikatia tiketi ya tarehe kumi na tatu, wiki moja kabla. Usiseme kitu, dada. Haigusi ya kuja huko. Nitamaliza hiyo, kisha naja, yote mawili yatakuwa yamefanyika. Kibiriti usimwambie nitakuwa angani.

Nimeanza kujifunza namna ya kumwambia. Nasimama jikoni nasema. Nafika katikati.

Mdogo wako


21 Desemba

Mdogo wangu,

Tulikungoja.

Alivaa gauni lake la njano. Tulifika kituo cha mabasi saa tisa ingawa nilimwambia ni mapema. Kila basi likiingia anasogea mlangoni, anahesabu wanaoshuka, anarudi. Nilipiga simu yako, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Saa kumi na moja nikaelewa kwamba uko angani, nikakaa kwenye mizigo ya watu.

Yeye hakulia. Aliniambia, "Shangazi, labda mama anatembea polepole, wamechelewa."

Sina la kuongeza. Kamba za viatu anajua kufunga, nilimfundisha mimi.


25 Januari

Dada yangu,

Shikamoo, ingawa najua hutaki salamu zangu. Ujumbe niliokutumia usiku ule hukuujibu, na haki ni yako.

Nikueleze lilivyokuwa, siyo kujitetea. Tarehe kumi na mbili walinitumia ujumbe, ndege ya kesho haipo, abiria wote tumehamishiwa tarehe ishirini. Nikawapigia. Wakasema nikitaka watanirudishia nauli, lakini kabla ya mwaka kwisha hakuna kiti kingine. Nilikaa na ile simu mkononi siku saba. Nilikuwa na tiketi mbili mezani, ya basi na ya ndege, za siku moja. Asubuhi ya tarehe ishirini nilitoka nyumbani nikiwa na viatu vyekundu kwenye begi. Hadi njia panda sikuwa nimeamua, nakuapia. Kisha nikakata kushoto, njia ya uwanjani. Niliona kwamba nikipanda basi, jioni nitakuwa nimempoteza mara mbili siku moja, kwenye kadi na kwa Kibiriti. Kule angani nilijificha, dada. Hilo ndilo nililofanya.

Kadi mpya ikaja wiki iliyopita. Inang'aa. Nikafungua akaunti. Juu jina langu. Chini pameandikwa: mwenzi wa safari, hajatajwa.

Nilidhani simu imeharibika. Nikaizima, nikaiwasha. Nikawapigia, akapokea mwanamke mwenye sauti nzuri. Akaniambia kila mwaka mpya wa kadi mwenzi anatajwa upya, ni utaratibu, uko kwenye masharti. Mimi ninayesoma masharti ya ujenzi mpaka nukta, hayo sikuyasoma. Hata ningepanda ndege mia, jina lingeondoka siku ileile.

Akaniuliza, "Nikuandikie nani?" Nikaitazama ile kadi. Akasema, "Nikurudishie yuleyule wa mwaka jana?" Na ningeweza kusema ndiyo, dada. Angemwandika, asingejua. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Nikamkumbuka mtoto aliyevaa njano anasema mama anatembea polepole.

Nikamwambia hapana, mke wangu amefariki.

Akasema, "Pole sana. Kuna mtu mwingine ungependa kumtaja?" Alikuwa anafanya kazi yake.

Sasa naliandika na kwako. Mke wangu amefariki. Mama yake Kibiriti amefariki. Mkono haukukatika.

Jumamosi ya tarehe saba Februari nitapanda basi la alfajiri. Kumwambia au kutomwambia kwamba nakuja nakuachia, nimekosa haki ya kupanga.

Mdogo wako


1 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nitamwambia kwamba unakuja asubuhi ya siku yenyewe, ukishapanda na nikisikia muungurumo wa basi kwenye simu. Safari hii usiposhuka, nitamwambia mimi habari ya mama yake jioni hiyohiyo, na kiapo changu utanisamehe.

Kitanda cha sebuleni nimetandika.

Dada yako


19 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Nilifika salama, vumbi mpaka kwenye kope. Nakushukuru kwa chakula, kwa kitanda, na kwa kutonisema mbele ya mtoto. Nilijua unajizuia, nilikuona unavyokatakata ile karoti.

Kuna yaliyotokea chumbani ambayo sikukueleza, maana ningeanza hapo ningeshindwa kusafiri. Lile la kituoni ulikuwepo. Nilishuka, nikainama, nikafungua mikono, na yeye akanipita ubavuni. Akapanda ngazi za basi. Nilimsikia anatembea ndani, kiti baada ya kiti, mpaka nyuma. Dereva akamuuliza amepoteza nini. Aliposhuka hakunikumbatia, alinipa mkono kama mgeni, akasema, "Umemsahau?"

Chumbani tulikaa juu ya kitanda, na ule mto wa pili ulikuwa kati yetu. Nilichojifunza jikoni miezi yote kilipotea. Nikamwambia, mama alikufa. Nikamwambia alikufa hospitali, mwezi wa tatu, na mimi nilikuwepo nimemshika mkono, hakuwa peke yake, na hatarudi. Akaniuliza mwezi wa tatu ni kabla ya yeye kuanza shule au baada. Nikasema kabla. Akafikiri. Unajua anavyokunja pua.

Kisha akaniuliza, "Sasa wewe ulikuwa unapanda ndege kwenda wapi?"

Nikamwambia sikuwa nakwenda popote. Akasema, "Mimi nilikuwa hapa." Hakusema kwa hasira, alinieleza tu, kama mtu anayeelekeza nyumba. Ndipo nilipolia, yule mtoto akanishika kichwa, na ulipokuja mlangoni ukadhani namliza, sauti ile ilikuwa yangu.

Asubuhi ya kuondoka alinipa lile kopo la losheni. Akasema, "Yatunze wewe." Nimeliweka rafu ya jikoni, mahali pasipovuja. Viatu vyekundu vinambana, najua, alivivaa kwa heshima. Nitaleta thelathini.

Nitakuja kila mwisho wa mwezi na basi, mpaka anizoee. Ulivyosema, tusimng'oe kwako kabla mwaka wa shule haujaisha, nimekubali, ingawa nyumba hii jioni haina sauti. Kadi nimeiacha iishe yenyewe. Mahali pa mwenzi pako wazi. Nilimwuliza Kibiriti kama angependa jina lake liandikwe pale. Akasema hapana, ndege hazirudishi watu.

Mdogo wako


8 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumepata barua yako. Nasema tumepata kwa sababu sasa namsomea, isipokuwa ya karoti.

Wiki ya kwanza ulipoondoka alifanya yote kama kawaida. Alikwenda shule, alirudi, alikula. Mto wa pili aliurudisha kabatini mwenyewe, akaikunja na foronya yake. Usiku nilikuwa namsikia. Nikiingia ananyamaza, kwa hiyo niliacha kuingia, nikawa nakaa mlangoni chini mpaka alale. Mgongo wangu unajua habari hizo.

Yule mwalimu mstaafu amerudi. Nilimwomba radhi kwa zile nywele. Akamwambia Kibiriti pole na msiba, na Kibiriti akasema asante, akaendelea na shanga zake. Nilikuwa nimeshika kitana, nikakaa nacho hivyohivyo.

Jana jioni wateja walikwisha, nafagia nywele za watu. Akaja na kile kiti cha kuinuka na kushuka, akakivuta mpaka mbele yangu, akapanda. Alikuwa ameshika kitana cha wifi, kile chenye jino lililokatika, sikujua kama alikuwa nacho. Akanipa. Akanigeuzia kisogo.

Akasema, "Shangazi, nisuke."

Ilituchukua mpaka giza, zilikuwa zimefungamana vibaya. Sikuzikaza.

Dada yako